Kushuka Muze kwa Miguu

Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Hesabu, Musa anatuma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani. Wanatembea siku 40. Walipofika bonde la Eshkoli walikata tawi lenye kichala kimoja cha zabibu, nacho kikabebwa na watu wawili juu ya mti. Mahubiri mengi juu ya sura hii hukazia majitu waliyoyaona wapelelezi na hofu waliyorudi nayo. Sisi wa jumuiya yetu tumejifunza kuutazama ule mti wa kubebea. Tulijifunza njiani, tuliposhuka kwa miguu kutoka Sumbawanga hadi Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa.

Wanaoijua barabara ya Ntendo watauliza kwa nini tutembee ilhali magari yanafika Muze. Sababu ilitoka kwa mama mmoja mjane wa jumuiya yetu. Mdogo wake wa kiume alihamia Muze kulima mpunga, na tangu mazishi ya baba yao walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya shamba lililobaki huku juu. Miaka tisa ilikwisha pita. Wiki ile tuliposoma Injili ya kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka altareni, mama huyu alisema anataka kwenda. Tukaahidi kumchangia nauli. Akajibu, “Nikipanda gari, mwili utafika Muze na moyo utabaki Sumbawanga. Nipeni siku mbili.”

Hakuna aliyebisha. Tukajiandaa watu tisa, mwezi wa Agosti, mvua zikiwa bado mbali. Paroko aliposikia akatupa mzigo: katoni ya chupa 12 za divai kwa ajili ya Misa za huko bondeni.

Ufipa yetu ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na ngano. Divai ile ilitoka Dodoma, ambako mizabibu huzaa katika ardhi kame. Kanisa katika kanuni ya 924 linaagiza divai ya Misa iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, tena isiyoharibika. Basi kabla haijafika mikononi mwetu ilikuwa imepita kwa mpogoaji, mvunaji, mkamuaji na madereva ambao hatutawajua kamwe. Tuliizungushia majani makavu na kanga mbili, tukaitundika kwenye mti imara, tukabeba wawili wawili kwa kupokezana.

Siku ya kwanza tulipita milima ya Mbizi, ndani ya msitu wa hifadhi, kwa ruhusa. Humo hukati mti wala huwashi moto, kwa hiyo tulikula viazi tulivyochemsha tangu usiku. Mbega wekundu walitutazama kutoka juu ya miti, wakaenda zao. Tulivuka vijito kadhaa, maji baridi ya kuumiza meno. Kijana mmoja akauliza maji haya yanakwenda wapi. Katekista akamwambia yanashuka bondeni, yanakwenda kunywesha mashamba ya mpunga. Mama alikuwa amechuchumaa akichota kwa kiganja. Alisimama pale muda mrefu kuliko kiu inavyohitaji.

Siku ya pili tulifika ukingoni, Lyamba lya Mfipa. Kutoka pale nchi inaporomoka zaidi ya mita 1,000, na ziwa linaonekana mbali likiwaka kama bati jipya. Katekista alipenda kutufundisha. Akasema, “Tazameni, Ziwa Rukwa linapokea mito lakini halina mto wa kutokea. Ndiyo maana maji yake yana magadi.” Mama akamjibu, “Lakini katekista, samaki wake tunakula.” Tukacheka, tukaanza kushuka.

Hapo ndipo mti ulipotufundisha. Kwenye mteremko mzigo huteleza kuelekea kwa aliye mbele. Ikabidi mrefu akae mbele na mfupi nyuma ili chupa zikae sawa. Wa mbele haoni mzigo, anausikia begani tu. Wa nyuma anauona, lakini hauoni udongo anaokanyaga mwenzake. Kwa hiyo lazima waambiane: jiwe hapa, polepole, ngoja. Akikaza mwendo mmoja, chupa zinagongana. Akinyamaza mmoja, wote wawili wamo hatarini. Mama aliomba zamu yake, akashika nyuma. Tulimsikia akimwongoza kijana wa mbele kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua, mpaka joto la bondeni lilipotupiga usoni.

Muze tulipokelewa kwa makofi ya salamu, nasi tukachuchumaa na kupiga makofi kama ilivyo desturi yetu. Chupa zote 12 zilifika nzima. Mdogo wake hakuwapo. Mkewe alituletea maji, akasema mumewe yuko shambani. Jua lilikuwa limekwisha zama alipokuja. Alisimama mbali kidogo, jembe begani.

“Shikamoo, dada.”

Mama hakujibu upesi. Sote tulisikia kimya kile. Mtu akikataa kusema marahaba mbele ya watu, hakuna tena mlango uliobaki. Kisha akasema, “Marahaba, mdogo wangu. Umekonda.”

Tungependa kuandika kwamba usiku ule walimaliza yote. Hawakumaliza. Waliketi chini ya mwembe wakazungumza habari za watoto, za ng'ombe walioingia kwenye mpunga, za kaburi la baba linalohitaji kujengewa. Shamba walilitaja mara moja, wakanyamaza. Asubuhi kwenye Misa, padre alipoinua kikombe, mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Na shamba halijaamuliwa hadi leo, lakini sasa wanalizungumza wenyewe, kwa simu, kila mwezi.

Ndugu zetu waamini, wengi wetu tunao mtu wa namna hii. Tumemwombea miaka mingi, tukingoja moyo wetu uwe tayari kwanza. Safari ya Muze imetufundisha kwamba moyo huandaliwa na miguu, na kwamba upatanisho ni mzigo wa watu wawili: mmoja hawezi kuufikisha, lakini mmoja anaweza kuanza kunyanyua upande wake. Tusiogope ikiwa mwenzetu bado anasimama mlangoni. Tuseme marahaba. Tumpe siku zake, kama sisi tulivyopewa zetu, na kazi iliyobaki tumwachie Mungu aliyetutangulia bondeni.