Njia ya Chuma na Lugha ya Bibi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula na hadithi za wazee. Ni nadra kuitaja reli. Yamkini sababu ni kwamba reli ya kwanza ya Tanzania Bara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ililetwa na wakoloni kwa ajili ya kusomba mali, nasi tukazoea kuihesabu kuwa chombo cha uchukuzi na basi. Lakini reli hupita katika nchi za watu, na kila inaposimama haina budi kuandika jina la mahali. Wala jina haliandikwi ila kwa lugha ya mtu fulani. Sisi wenyewe jambo hili hatukulitilia maanani mpaka tulipokuwa ugenini.

Tulikaa Uswisi mwaka mmoja wa masomo, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mwishoni mwa Juni 2014, kabla ya kurejea nyumbani, tulikusanya akiba yetu (na nauli za huko si za mchezo) tukapanda gari la moshi mjini Chur, katika jimbo la Graubünden, kwenda Tirano, mji mdogo ulio ng'ambo ya mpaka wa Italia. Huliita gari la moshi kwa mazoea tu, kwani linakwenda kwa umeme. Upana wa njia yake ni mita moja, sawasawa na ule wa reli yetu ya zamani ya Tanga na ya Kati. Mwaka 2008 njia hiyo, pamoja na mandhari inayoizunguka, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Baada ya Thusis milima hukaribiana. Karibu na Filisur gari hupinda juu ya daraja la Landwasser, lenye matao sita na kimo cha mita 65, na pale daraja linapokwisha huingia moja kwa moja ndani ya jabali, kama nyoka aingiaye shimoni. Tulipofika kijiji kinachofuata tuliona kibao cha stesheni chenye majina mawili: Bergün kwa Kijerumani, na Bravuogn kwa Kiromanshi. Kutoka hapo njia hujizungusha ndani ya mahandaki ili ipande zaidi ya mita 400, na abiria hukiona kijiji kile kile mara upande wa kushoto, mara upande wa kulia, kila mara kimekuwa kidogo zaidi.

Kiromanshi ni lugha iliyotokana na Kilatini, na wasemaji wake hawafiki laki moja. Hata hivyo, mwaka 1938 wananchi wa Uswisi walipiga kura kuifanya kuwa lugha ya nne ya taifa. Ubavuni mwa mabehewa jina la shirika la reli limeandikwa kwa lugha tatu, Kijerumani, Kitaliano na Kiromanshi. Katika hiyo ya tatu reli huitwa viafier, yaani njia ya chuma. Hata magari mapya yaliyoletwa mwaka 2010 yalipewa jina la Allegra, ambayo ni salamu ya watu wa bonde la mto Inn.

Huko St. Moritz tulibadili gari. Sehemu inayofuata, yenye urefu wa kilometa 61, ilikamilika mwaka 1910, nayo hupanda na kushuka mteremko unaofikia mita 70 kwa kila mita 1,000 bila kutumia magurudumu ya meno. Katika stesheni ya Pontresina aliingia mama mmoja mzee mwenye kikapu, akaketi mkabala nasi, akatuamkia kwa salamu ile ile iliyoandikwa garini. Kwa Kijerumani alitueleza kwamba ametoka katika kijiji cha bonde la Inn, na kwamba anakwenda Poschiavo kumwona mjukuu wake wa miaka sita. Binti yake ameolewa huko, upande wa pili wa mlima, ambako watu husema Kitaliano. Kikapuni alikuwa na jibini na kitabu cha picha cha Kiromanshi.

Gari lilipanda mpaka mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mti hauoti. Hapo pana maziwa mawili yaliyotenganishwa na kipande chembamba cha ardhi. La kwanza ni Lej Nair, yaani Ziwa Jeusi, jina la Kiromanshi. Maji yake huingia mto Inn, kisha Danube, hata yakafika Bahari Nyeusi. La pili ni Lago Bianco, Ziwa Jeupe, jina la Kitaliano. Rangi yake hutokana na unga laini wa mawe yaliyosagwa na barafu ya mlimani, na maji yake hushuka kusini mpaka bahari ya Adriatiki. Mama yule alionyesha kwa kidole akasema, "Hapa ndipo lugha yangu inapokoma. Kuanzia hapa mjukuu wangu hunijibu kwa Kitaliano."

Tukamwuliza kama wataalamu hawakuisaidia lugha yake. Alicheka. Kiromanshi kina lahaja tano za maandishi, na mwaka 1982 mtaalamu Heinrich Schmid alitunga kanuni za lugha sanifu moja kwa wote. Serikali ya jimbo ikaipokea, na baadhi ya shule zikaanza kuifundishia. Miaka michache baadaye wazazi wengi waliikataa, na shule kadhaa zikarudia lahaja zao. "Ni lugha nzuri," akasema, "ila haina bibi. Hakuna mtoto aliyebembelezwa kwayo." Kisha akatutazama. "Na Kiswahili chenu, je, kina bibi?"

Tulimjibu kwamba kinao wengi mno, katika mwambao na visiwani, na kwamba kilisanifishwa kwa kufuata Kiunguja, kazi iliyokabidhiwa kamati maalumu mwaka 1930. Tukamweleza jinsi kilivyotukutanisha katika kudai uhuru, na jinsi Baraza la Kiswahili lilivyoundwa mwaka 1967 ili kukikuza. Haya yote ni kweli, nasi hatuyaonei haya. Lakini mama yule hakuuliza juu ya mabibi wa Unguja. Aliuliza juu ya bibi yetu.

Bibi yetu ni Mbena wa Makambako. Kiswahili alikipata ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na kabla ya hapo kando ya reli. TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya 1970 na 1975, sehemu ya kutoka Mlimba kupanda Makambako ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa madaraja na mahandaki yake. Bibi aliwauzia viazi vya kuchemsha vijana waliotoka kila pembe ya nchi, na Wachina waliojua kuhesabu fedha kwa Kiswahili. Bila lugha hiyo asingeuza hata kiazi kimoja. Lakini akikemea, akiomboleza, au akimpakata mtoto mgonjwa, hurudi katika Kibena. Watoto wa dada zetu waliozaliwa Dar es Salaam hujua neno moja tu, kamwene, nao hulitamka kwa kucheka. Wakimtembelea, bibi huwasemesha Kiswahili cha sokoni, kwa kuwa ndicho alicho nacho, na baada ya dakika chache hunyamaza.

Haingefaa tudai kwamba Tanzania, yenye lugha zaidi ya mia moja, ingeweza kufanya yale yafanywayo na nchi tajiri yenye lugha nne. Fedha za vitabu zilikuwa chache, na umoja ulikuwa bado mchanga. Wala mbao na vibao haviokoi lugha: mama yule anayo stesheni, anayo kura ya mwaka 1938, na mjukuu hata hivyo anamjibu kwa Kitaliano. Ila yeye, akisafiri, huikuta lugha yake imeandikwa mahali asipohitaji kuiombea radhi. Hilo tulimwonea wivu, kwa niaba ya bibi.

Poschiavo ni mita 1,014 tu, na gari liliteremka kwa mizunguko mikali. Mtoto alikuwa akingoja stesheni. Akaita kwa Kitaliano. Mama yule akajibu kwa Kiromanshi, akiinua kikapu. Hatukusikia zaidi, kwani gari liliondoka. Huko Brusio lilizunguka juu ya daraja la matao tisa, likapita chini ya njia yake lenyewe, na baada ya muda mfupi tukawa Tirano, katika joto na harufu ya kahawa.

Jioni ile tulimpigia bibi simu. Tulimwuliza, kwa Kibena chetu cha kuungaunga, vile vilima vilivyo kando ya reli viliitwaje kabla reli haijaja. Alitaja majina matatu, akasahihisha matamshi yetu mara mbili, kisha akauliza ni nani anayelipia simu ya kutoka Ulaya kwa jambo kama hilo.