Kinanda Kilichokataa Kuanua Matanga

Desemba iliyopita nililala siku nne nyumbani kwa dada yangu, Tanga. Nilikuwa na mambo mawili: kula Krismasi na familia, na kusoma beti mpya katika kumbukumbu ya shemeji yangu, mume wa dada, aliyetutoka siku mbili baada ya sikukuu hiyo, miaka sita nyuma. Beti zilikuwa saba, zimekunjwa mfukoni mwa shati. Sikujua kwamba kabla ya kuzisoma mpwa wangu wa miaka tisa angenikalisha mbele ya televisheni na kunionesha filamu ya katuni, wala kwamba filamu hiyo, dhaifu kama ilivyo, ingezigusa beti zangu mahali ambapo hakuna mhakiki aliyewahi kuzigusa.

Filamu yenyewe ni Beauty and the Beast: The Enchanted Christmas, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1997. Haikupelekwa katika majumba ya sinema. Iliuzwa moja kwa moja katika kanda za video, kama zilivyouzwa filamu nyingi za mwendelezo miaka ile. Mpwa wangu aliipenda kabla haijaanza. Mimi nilikuwa na deni la zamani.

Deni hilo ni kwa filamu ya kwanza, ile ya mwaka 1991. Dada na mimi tuliiona ujanani kwa jirani, katika kanda iliyochoka hata picha ilikuwa ikikatwa na mistari myeupe kama mvua. Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha. Nilimtafsiria dada kwa kujiamini, nikikosea kila sentensi ya tatu, naye hakunisahihisha, kwa kuwa alikuwa hasikilizi maneno, alikuwa analia. Baadaye nilijua kwamba mashairi ya nyimbo zile yalitungwa na Howard Ashman, aliyefariki kwa maradhi ya UKIMWI Machi 1991, miezi kadhaa kabla ya filamu kutoka. Muziki ulikuwa wa Alan Menken. Ilikuwa filamu ya katuni ya kwanza kupata kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora, ikashindana na filamu za watu wazima. Haikuipata hiyo, bali ilipata ya muziki na ya wimbo.

Sisi watunzi tuna jambo la kujifunza katika ukoo wa hadithi hii. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliiandika Ufaransa mwaka 1740, ndefu, yenye visa ndani ya visa. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont aliichukua akaipogoa. Akaondoa nasaba, akaondoa vita vya majini wema na wabaya, akabakiza binti, baba, waridi, Mnyama na ahadi. Hiyo iliyopogolewa ndiyo iliyosafiri duniani. Kwa hiyo hadithi tuliyoililia kwa jirani ilikuwa imeshapita chini ya panga, na uzuri wake kwa sehemu kubwa ni uzuri wa kilichokatwa.

Sasa, waliotengeneza mwendelezo walikuwa na tatizo. Filamu ya kwanza imekwisha kweli kweli: laana imevunjika, Mnyama amekuwa mwana wa mfalme, vyombo vya jikoni vimerudi kuwa watu. Baada ya hapo hakuna wa kumtisha mtu wala wa kutishwa. Basi wakaamua kurudi nyuma. Wakafungua tumbo la filamu ya kwanza, pale katikati, baada ya Mnyama kumwokoa Belle mbele ya mbwa mwitu na kabla ya mapenzi kukamilika, wakapachika Krismasi. Yote yanasimuliwa na buli, Bi. Potts, mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa kinara cha mshumaa na saa wanabishana ni nani kati yao aliyeiokoa sikukuu.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua kwa nini jambo hili haliwezekani, rudi katika filamu ya kwanza utazame wimbo wa theluji. Ni mfupi sana. Belle anawalisha ndege, Mnyama anajaribu naye. Mezani anakula uji kwa kutumbukiza uso, kisha anajaribu kijiko, kinamshinda, na Belle anaweka kijiko chake chini, ananyanyua bakuli ili wote wawili wanywe sawa. Wanaimba, lakini hawaimbiani. Tunachosikia ni fikra za kila mmoja, naye mwenzake hazisikii. Mapenzi yanaota katika nafasi ambayo hakuna anayesema. Mtazamaji hupewa vipande viwili vya mshororo na kuachiwa pumzi iliyo kati yake.

Mwendelezo umeingia katika pumzi hiyo na mti wa Krismasi, mapambo, malaika wa kuwekwa kileleni aitwaye Angelique, na mwana wa mfalme anayeichukia sikukuu kwa kuwa laana ilimwangukia usiku wa mkesha wake. Belle anataka kuirudisha. Mnyama anakataa, kisha anakubali, kisha anahadaiwa kwamba Belle ametoroka, naye anamwokoa kutoka majini chini ya barafu iliyopasuka na palepale anamtupa kifungoni. Kifungoni tena! Katika filamu ya kwanza Mnyama alikuwa ameshavuka hapo. Alikuwa ameshampa chumba, ameshajeruhiwa kwa ajili yake, ameshafungwa vidonda na mikono yake. Mtunzi anayemrudisha mhusika kwenye hali ya ubeti wa tatu akiwa ameshafika wa saba hajaongeza hadithi. Amewafuta wa nne, wa tano na wa sita.

Tena hakuna lolote katika Krismasi hii linaloweza kubadili chochote. Filamu ya kwanza inangoja mlangoni na mwisho wake mkononi, nayo haimjui Angelique wala haikumbuki mti. Kila kinachotokea ni lazima kisahaulike kabla ya wimbo unaofuata. Washairi wa arudhi wanaijua hali hii kwa jina la nyumbani: kujaza mizani. Kipande kinadai nane, una sita zenye maana, unatia "hakika" au "jamani" ili upite. Haidhuru mara moja. Lakini saa nzima na zaidi ya "jamani"?

Nisiwaonee. Upungufu haukuwa wa vipaji. Muziki ulitungwa na Rachel Portman, mshindi wa Oscar kwa muziki wa filamu ya Emma. Maneno ya nyimbo ni ya Don Black, yule yule aliyeandika maneno ya wimbo wa Born Free, filamu ya simba jike Elsa iliyopigwa Kenya, na akapata Oscar kwa wimbo huo. Paige O'Hara na Robby Benson walirudi na sauti zao za awali. Mafundi walikuwapo. Kilichokosekana ni haja. Hakuna aliyekuwa na neno lililomkwama kooni. Niliyatafakari haya huku nimekaa kwenye kochi, nikijisikia mwerevu sana, na vidole vyangu vinapapasa karatasi mfukoni.

Hapo ndipo kinanda kilipoanza kupiga.

Ni kinanda kikubwa cha mabomba, kimejaa ukuta mzima, na jina lake ni Forte. Sauti yake ni ya Tim Curry. Kimechorwa kwa kompyuta wakati wenzake wote wamechorwa kwa mkono, kwa hiyo kinaonekana kama mgeni aliyeingia ndotoni na viatu. Hilo pengine ni kosa, lakini kosa lenye faida. Kabla ya laana Forte alikuwa mtunzi wa muziki wa kasri, na hakuna aliyemjali. Tangu laana iingie, bwana wake humjia kila akizidiwa na majonzi, naye humpigia muziki wa majonzi hayo. Hawezi kuondoka ukutani. Hataki hata kuondoka. Laana ikivunjika Mnyama atapona, na Mnyama akipona hatakuwa na haja ya kinanda kile usiku. Basi Forte anafanya kila hila Belle asipendwe. Anamtumia filimbi mdogo, Fife, kwa ahadi kwamba atamtungia kipande cha kupiga peke yake, na mwishoni Fife anakiona kipande chenyewe: karatasi tupu.

Mpwa wangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kidevu mikononi. Akageuka.

"Mjomba, mbona kinanda hakitaki Mnyama aache kulia?"

Nikamwambia kwamba ni kinanda kibaya.

"Lakini si kinampenda?"

Sikuwa na jibu. Dada alikuwa anamenya vitunguu saumu mlangoni mwa jikoni, na nilihisi kwamba ameacha kumenya.

Niseme wazi jambo ambalo wasomaji wa siku nyingi wa mashairi yangu wanalijua nusu. Jina dogo nililo nalo nililipata kwa tanzia. Tanzia ya kwanza ilikuwa ya shemeji, beti ishirini na moja, niliyoiandika kwa usiku mmoja na kuisoma kaburini. Watu walilia, wakanijia kuomba nakala, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimeitwa misiba mitatu mingine. Mwaka uliofuata niliongeza beti saba, zikasomwa katika kumbukumbu. Mwaka wa tatu saba nyingine. Ikawa ada. Dada hukaa mbele, kichwa kimeinama, nami hujua ni mshororo gani utamwinua leso. Nilijua. Niliuweka mahali pake kwa makusudi, kama mpiga kinanda anavyojua kidole kipi kishuke.

Na mwaka jana, nilipopata habari kwamba dada ameanza kwenda kwaya tena, kwamba anacheka sana siku hizi, kwamba kuna mwalimu mmoja mjane anayemletea machungwa kutoka Muheza, jambo la kwanza nililolihisi si furaha. Nilihisi kwamba amenitangulia. Nikakaa nikaandika beti saba zenye makali kuliko zote zilizotangulia. Ndizo zilizokuwa mfukoni.

Nikiitazama filamu ile nilimwelewa Forte vizuri kupita kiasi. Waliomwandika hawakumwelewa. Walikuwa wamemkamata mhusika ambaye filamu ya kwanza haikuwa naye, msanii anayelilinda jeraha la mtu mwingine kwa sababu ndilo linalompa kazi, na hawakujua wamfanyie nini. Badala ya kukaa naye wakamfanya jini wa kawaida: anapiga kwa nguvu, kuta zinapasuka, anataka kasri liwaangukie wote ili wabaki kama walivyo. Mnyama anaung'oa ubao wake wa kupigia, anauvunja, na kinanda kinaporomoka kutoka ukutani. Kisha mti, zawadi, waridi. Lau wangemwacha Forte apige kipande kimoja tu cha uzuri wa kweli, uzuri wa kumfanya Belle mwenyewe asimame mlangoni asikilize, tungepata swali linalostahili kupachikwa katikati ya hadithi ile: je, mtu aweza kuupenda muziki wa huzuni yake na bado akatoka chumbani? Hawakulitaka swali. Walitaka Krismasi ya mwaka 1997.

Filamu ilipokwisha mpwa aliifuta kwa neno moja, "Sawa tu," akaenda kucheza nje. Hukumu yangu ndefu haikuongeza mengi juu ya hiyo.

Nilimkuta dada jikoni. Nilitaka kuzungumza juu ya filamu, nikaeleza habari za kujaza mizani, naye akaniacha niseme hadi nikaishiwa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mdogo wangu, mwaka huu twende misa, tukirudi tule. Basi."

"Na beti?"

"Matanga yalianuliwa, mdogo wangu. Ni wewe tu hukuambiwa."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma. Nikamuuliza kama tanzia zile zote hazikumfaa kitu. Akasema ile ya kwanza ilimfaa sana, anaikumbuka. Za nyuma husikia sauti yangu tu, hasikii za nani. Nikamwomba anitajie ubeti mmoja anaoukumbuka wa ile ya kwanza, nikitarajia atautaja ule wa leso, unaonukuliwa na kila mtu. Akautaja wa kumi na nne. Ni ubeti ambao shemeji anatengeneza baiskeli ya mtoto uani na kukosea kufunga mnyororo, na mshororo wake wa pili una mizani kumi na tano. Kwa miaka sita nimekuwa nikiuonea haya. Mara mbili nimejaribu kuurekebisha.

"Usiuguse," akasema, akaniomba nimsogezee sufuria.

Tarehe 27 tulikwenda misa, tukarudi, tukala. Mwalimu wa Muheza alikuja na machungwa. Jioni mpwa alitaka tuiangalie ile filamu ya kwanza, nami nikamtafsiria, safari hii kwa usahihi, mpaka tulipofika kwenye uji na bakuli. Hapo dada alininyamazisha kwa mkono.