Pole Iliyoandikwa Kwenye Ratiba

Nilitoka Mombasa nikafika Minnesota mwaka 2004. Kama Wakenya wengi wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kutunza wazee. Nilisomea cheti cha msaidizi wa wauguzi, nikaingia zamu za usiku: kuwageuza wagonjwa vitandani, kuwaosha, kuwalisha, kukaa na anayekata roho. Miaka ilipopita nikahamishiwa ofisi ya wafanyakazi ya nyumba ileile ya wazee, kaskazini mwa Minneapolis. Nilipanga zamu, nikashughulikia mishahara na likizo za Wakenya, Waliberia, Wasomali, Waethiopia na Wamarekani wenyewe. Mtu akipatwa na jambo, simu ya kwanza ilikuwa yangu.

Aliyenifundisha kazi hiyo alinifundisha kabla sijapewa ofisi. Jumatano, tarehe 1 Agosti 2007, baada tu ya saa kumi na mbili jioni, daraja la barabara kuu ya I-35W liliporomoka ndani ya mto Mississippi likiwa na magari ya watu waliokuwa wakirudi makwao. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Wenzetu wa zamu ya mchana walikuwa wametoka, na baadhi yao njia yao ilikuwa hiyo. Muuguzi aliyesimamia jioni alichukua ratiba ya zamu, akaketi kwenye simu ya mapokezi, akampigia kila mmoja, jina baada ya jina, akitia alama kwa kila aliyeitikia. Hakuna aliyemwagiza. Wote walipatikana salama. Mimi niliyekuwa nikimtazama nilielewa kwamba mfanyakazi, kabla ya lolote lingine, anataka kujua kuwa akikosekana yuko mtu atakayeuliza yuko wapi.

Machi 2020 ikaja Korona. Tarehe 13 mwezi huo serikali kuu ilielekeza nyumba za wazee zizuie wageni nchini kote, na ghafla wasaidizi wa wauguzi wakawa ndio watoto na wajukuu wa wagonjwa wetu. Wao ndio walioshika simu ili mama aagane na bintiye. Vifo vya miezi ya mwanzo Minnesota viliangukia zaidi wakaazi wa nyumba kama yetu, na waliowahudumia walirudi jioni kwenye nyumba zenye watoto, bibi na babu.

Uongozi ulitangaza namba ya simu ya ushauri nasaha, bure na ya siri. Waliopiga walikuwa wachache. Nilipokaa nao chumba cha mapumziko nikasikia sababu. Wengine waliogopa maneno yao yasije yakamfikia bosi. Wengine hawakuona vipi mgeni wa upande wa pili wa simu atawajibia lile lililowanyima usingizi: nikiugua, nitalipwa? Nikikaa karantini, kodi ya nyumba nitaitoa wapi? Tangu hapo nilianza kila asubuhi kwa kubandika karatasi ukutani: barakoa zilizobaki ni ngapi, anayekaa karantini atalipwa vipi, muda wa kutokuwa kazini utahesabiwa vipi. Pasipokuwa na jibu, niliandika saa nitakayorudi nalo. Watu walipoona majibu yanakuja kwa saa niliyoahidi, ndipo walipoanza kuniambia pia habari za mioyo yao.

Mwezi wa Mei haukutupa nafasi ya kupumua. Tarehe 25 George Floyd aliuawa na polisi kwenye njia panda ya Mtaa wa 38 na Chicago Avenue. Tarehe 28 kituo cha polisi cha Third Precinct kilichomwa moto, na siku hiyohiyo mabasi na treni za mji zikasimamishwa. Tarehe 29 ikaanza kafyu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yetu ya usiku huanza saa tano. Wahudumu wa afya waliruhusiwa kupita, lakini kijana mweusi aliye peke yake garini usiku, katika wiki ile, alihitaji kitu cha kushika mkononi. "Dada, nikisimamishwa nitasema nini?" aliniuliza mmoja wa vijana wetu.

Tuliandika barua za utambulisho zenye namba yangu ya simu, moja kwa kila mfanyakazi. Tukasogeza zamu ili watu wa usiku wafike kabla ya saa mbili. Waliotaka kulala palepale walipewa vyumba vilivyokuwa wazi. Wenye magari waliwachukua wasio nayo, mtaa kwa mtaa, na uongozi ukalipa petroli. Maduka mengi ya Lake Street yalikuwa yameungua, kwa hiyo jiko letu lilifunga mchele, maziwa na mikate kwa walioishi upande huo. Na wapo waliosema hawawezi kuja, si kwa ajili ya usafiri, bali kwa uchungu wa walichokiona kwenye video ya kuuawa kwa Floyd. Hao tuliwapa siku bila kuwadai cheti cha daktari, na hatukumlazimisha mtu yeyote kuuzungumza uchungu wake mbele ya wengine.

Kisha kulikuwa na misiba ya mbali. Kenya ilisimamisha safari za abiria kutoka nje tangu tarehe 25 Machi hadi tarehe 1 Agosti 2020, na wenzetu walizika wazazi wao kwenye kioo cha simu, wakiwa wamevaa sare, saa moja kabla ya zamu. Kanuni yetu ilitoa siku tatu za msiba kwa mzazi, mume, mke au mtoto. Mjomba aliyemlea mtu na kumlipia karo hakuhesabika. Niliipeleka hoja hii kwa uongozi mara nyingi: mwacheni mfiwa mwenyewe aseme nani alimlea.

Leo sheria ya Minnesota inasema karibu hivyo. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kila saa 30 za kazi humpa mfanyakazi saa moja ya likizo yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka, na jamaa wanaotambuliwa ni pamoja na mtu wa damu na hata yule ambaye ukaribu wake ni sawa na wa ndugu. Mwaka huohuo ikaongezwa ruhusa ya kuitumia kwa mazishi.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza waseme nini mtu akipatwa na janga. Nawaambia wajue kwanza nani atashika zamu yake, mshahara wake utaingia lini, na atafikaje nyumbani. Wakishayashughulikia hayo, waende wakakae naye. Pole yao itamfikia mtu mwenye nafasi ya kuipokea.