Nilikemea roho ya ajali, kumbe ni tairi



Jumapili mlinipigia makofi na vigelegele nilipotoa ushuhuda wa jinsi tulivyonusurika pale Mwabungo. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa sababu ushuhuda ule niliutoa nusu. Nakuandikia nusu iliyobaki.

Tulitoka Ukunda Jumamosi asubuhi kwenda kumwona mgonjwa Msambweni: mimi, kina mama wawili wa maombi na mtoto wa miaka sita. Barabara ile unaijua, lami nzuri imenyooka, na mguu wa dereva unazama wenyewe. Tulipofika Mwabungo nikasikia mlio kama bunduki. Tairi ya mbele, kushoto. Gari likavuta kushoto, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Hapo ndipo nilipoharibu. Uzito wote uliangukia gurudumu lililopasuka, gari likazidi kwenda pembeni, moja kwa moja kwenye meza ya mama anayeuza maembe. Nyuma yangu mtu akaliitia jina la Yesu. Tukasimama hatua tatu kutoka mezani. Hayo mliyasikia, ni kweli, na bado namshukuru Mungu.

Ambayo hamkuyasikia ni haya. Nilikuwa nimeshuka, nimeinua mkono, nakemea roho ya ajali, wakati kijana anayeziba pancha za bodaboda ng'ambo ya barabara alipofika. Aliningoja nimalize. Kisha akafuta vumbi ubavuni mwa tairi, akasema, "Baba mchungaji, soma hapa." Tarakimu nne: 2312. Yaani ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. "Tairi hii ina umri mara mbili ya huyu mtoto," akasema. Tukatoa spea. Laini kama chapati.

Sikuwa na la kumjibu. Mpendwa, mwaka jana kina mama walichanga pesa za tairi za gari la kanisa. Mimi ndiye niliyesema zinunue spika kwanza. Aliyeshika daftari la mchango huo alikuwa kiti cha nyuma siku hiyo, na ndiye aliyeita jina la Yesu. Hakuniambia neno mpaka Msambweni. Afadhali angenigombeza.

Yule kijana alinifundisha huku akifanya kazi. Tairi ikipasuka, usiguse breki. Shika usukani kwa mikono miwili, uuelekeze mbele, toa mguu kwenye mafuta taratibu, gari lipunguze mwendo lenyewe, ndipo utoke barabarani. Washa taa za dharura, weka ile pembetatu nyekundu mbali nyuma, mita 50 hivi, na abiria washuke wakae mbali na lami. Mimi niliwaacha wamekaa ndani! Handibreki juu, jiwe nyuma ya gurudumu. Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado chini. Na kwa mchanga wetu huu, jeki haisimami bila ubao. Alileta kipande cha mlango wa zamani. Wakati wa kukaza, hukazi nati kwa kufuatana, unakaza moja kisha ya upande wa pili. Spea aliijaza kwa pampu ya mguu, akitokwa jasho, na akakataa nimlipe zaidi ya bei ya pancha.

Tairi nne mpya zimefungwa Jumatano. Spika imeuzwa, kwa hivyo kwaya mtanivumilia, mtaimba kwa sauti mlizopewa.

Jumapili hii, mwenye gari au pikipiki afike nusu saa mapema. Kijana yule atakuwa langoni na kipimo cha upepo, na atakusomea zile tarakimu nne. Tairi hupimwa ikiwa baridi, kwa hivyo mnaotoka mbali mtasubiri zipoe. Yeye ni Muislamu, hataingia ibadani. Kina mama, mtengeeni chai na mahamri.