Kufungua Furushi Ugenini

Wakufunzi wengi tunaofundisha somo la kompyuta katika vyuo vya ualimu tumelirithi somo bila ya kurithi mbinu zake. Hisabati ina mapokeo yake, na Kiswahili kadhalika. Lakini mtu akikabidhiwa chumba chenye kompyuta kumi na mbili na kuambiwa afundishe, aghalabu hufundisha kama alivyofundishwa yeye: andika amri hii, bonyeza hapa, tazama kilichotokea. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Katika makala haya nakusudia kueleza kosa lililonifanya niuache mtindo huo, na namna ninavyofundisha sasa jambo moja dogo: kuhamisha furushi la mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kuyafungua mahali pasipokuwa pale yalipotoka.

Mwaka 2016 ofisi yetu ya mazoezi ya kufundisha ilipata kompyuta mpya, nami nikapewa kazi ya kuhamisha alama za mwaka uliotangulia. Kompyuta zote mbili zilitumia Linux. Nilichagua programu ya tar, ambayo ilitolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, na ambayo jina lake linatokana na tepu za sumaku zilizotumika zamani kuhifadhia kumbukumbu. Kazi yake ni kufunga mafaili mengi yawe furushi moja. Jambo nisilolipima ni kwamba furushi halibebi mafaili peke yake. Hubeba pia anwani ya kila faili, yaani mfululizo wa folda lilimotoka. Kwa kawaida tar ya GNU, ndiyo itumikayo kwenye Linux, huondoa mkwaju ulio mwanzoni mwa anwani, ili mafaili yafunguke chini ya folda mtu aliyomo. Herufi kubwa P huzuia kuondolewa huko. Nilidhani kwamba kuitunza anwani nzima ni uangalifu. Nikaitumia herufi hiyo wakati wa kufunga, na tena wakati wa kufungua.

Kumbe katika kompyuta mpya mkufunzi mwenzangu alikwisha kutengeneza folda ya jina lile lile, /home/ofisi/mazoezi, na kwa wiki mbili alikuwa akiingiza humo alama za mwaka ule. Hata majina ya mafaili yalilingana. Tar haikuuliza neno. Ilizifuata anwani, ikayakuta mafaili, ikayaondoa na kuweka ya zamani mahali pake. Mimi nilikuwa katika folda nyingine kabisa, nikiamini kuwa huko ndiko yatakakofikia.

Zilipotea alama za wanachuo arobaini na watatu. Fomu nyingi za tathmini tulikuwa nazo, ila tisa zilikwisha kurudishwa kwa wanachuo ili wasome maoni yetu. Kuna aibu ya pekee katika mkufunzi kumwomba mwanachuo amletee alama alizompa. Wanane walileta. Wa tisa alikuwa ameipoteza, nami ndiye niliyemkagua, akifundisha sehemu katika darasa la tano. Nilifungua daftari langu nikakuta mistari minne tu juu ya somo lile, nikakadiria alama kwa hiyo mistari. Aliipokea bila kunung'unika. Sijui kama ndiyo aliyostahili.

Tangu hapo sianzi tena na amri. Huanza na bahasha mbili za kaki. Katika kila karatasi ya bahasha ya kwanza nimeandika: Ofisi ya Taaluma, kabati la kijani, rafu ya pili, jalada la Hisabati. Katika ya pili nimeandika: rafu ya pili, jalada la Hisabati, basi. Makundi mawili huenda maktaba na agizo moja, wasimame mbele ya kabati la huko na kufuata kilichoandikwa. Kundi la kwanza hutoka maktaba na kushika njia ya Ofisi ya Taaluma. La pili huweka karatasi kwenye kabati lililo mbele yao. Wanachuo hucheka, lakini tofauti ya anwani kamili na anwani inayoanzia hapo ulipo huwa imekwisha kueleweka. Mara ya kwanza nilipolifanya zoezi hili mwanachuo mmoja aliuliza, "Mkufunzi, na kama ndani ya jalada mna karatasi nyingine ya jina hilo?" Swali hilo ndilo ambalo mimi sikujiuliza.

Hapo ndipo tunapoziendea kompyuta. Huwataka wasome orodha kabla ya kufungua lolote, kwa tar -tf, na kutazama kama anwani zinaanza na mkwaju. Kisha hutengeneza folda tupu na kufungulia humo, kwa kuongeza -C na jina la folda hiyo. Wanaohofia kufuta kitu huongeza -k, na tar hukataa kuligusa faili lililokwisha kuwapo. (Programu ya unzip ina adabu zaidi: huuliza kwanza.) Kinachowasumbua ni --strip-components, inayokata majina ya mwanzo ya anwani. Ukikata mawili, home/ofisi/mazoezi/kundi1/alama huwa mazoezi/kundi1/alama, na hilo ni jema. Ukikata manne, faili la kundi la kwanza na la kundi la pili yote huitwa alama, na litakalobaki ni lile lililofunguliwa mwisho.

Mwenzangu mmoja huniambia kwamba vipindi viwili ni vingi mno kwa jambo linaloelezeka kwa sentensi moja. Ana haki kwa kiasi. Nisingefundisha kila amri kwa bahasha. Lakini katika jaribio la muhula uliopita niliwapa orodha ya furushi na kuwataka waeleze kila faili litafikia wapi, bila kuandika amri yoyote. Anwani kamili hazikuwashinda. Wengi walikosea pale majina mawili yalipogongana baada ya kukatwa, na kwa ajili hiyo nimekwisha kuandaa bahasha ya tatu.