Mawe ya Dada
Dada alipungua kilo 15 kwa miezi 2. Asubuhi maji ya ndimu, jioni tango, basi. Tandika wakanong'ona: kakanyaga waya. Dar bwana, kukonda ni kesi! Kumbe mwenzao anawinda gauni la harusi. Usiku mmoja maumivu yakamkaba chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, akatapika. Ultrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari akatueleza: ukikonda kwa pupa, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo; na usipokula mafuta hata kidogo, mfuko haujikamui, nyongo inatuama, inaganda. Kupunguza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kunaongeza hatari. Mfuko ukatolewa, kovu analo. Jirani mmoja bado anashikilia kuwa ile ilikuwa ngoma.