Gari linalogoma likiwa na moto: somo la Ruaha Mbuyuni

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, kabla ya kuanza kupanda Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni. Ni bondeni, jua kali, mibuyu kila upande na vitunguu vimepangwa kando ya lami. Wasafiri wengi husimama hapo kununua.

Familia moja yenye watoto wawili ilisimama robo saa tu. Baba alipopiga starta, injini ilizunguka vizuri lakini haikuwaka. Asubuhi gari hilohilo liliwaka mara moja. Tatizo halikuwa geni, na alikuwa ameshanunua betri na plagi mpya bila kupona. Sasa ilikuwa saa kumi na moja jioni, na Kitonga iko mbele.

Mama aliwashusha watoto akawakalisha kivulini, mbali na barabara. Mzazi, hilo ndilo la kwanza. Gari lililofungwa juani hupata joto kali ndani ya dakika chache, na mwili wa mtoto huzidiwa haraka kuliko wa mtu mzima.

Fundi aliyeitwa hakushika spana. Aliuliza. "Bosi, linasumbua asubuhi au likishatembea? Starta inazunguka kwa nguvu au kwa uzito? Umesikia harufu ya petroli?" Mama akatabasamu. Ndivyo daktari anavyouliza homa ya mtoto inapanda saa ngapi.

Injini inataka mafuta, hewa na cheche. Ukiizima, maji huacha kuizunguka, na joto la chuma huvipata vifaa vilivyo karibu kuliko hata wakati wa safari. Ndiyo maana gari linaweza kutembea vizuri, kisha likagoma baada ya mapumziko mafupi.

Starta ikizunguka kwa uzito, angalia betri, nyaya zake na starta yenyewe. Ikizunguka vizuri na petroli inanuka sana, huenda nozeli zinavuja, au sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi, nayo inamwaga mafuta mengi. Kama hakuna harufu, fungua swichi bila kupiga starta, usikilize kama pampu ya mafuta inanguruma.

Hapa pampu ilisikika, harufu haikuwepo. Fundi akapima cheche, hakuna. Akaweka kitambaa chenye maji baridi juu ya sensa ya krenki peke yake. Baada ya dakika chache gari likawaka.

"Ungelipeleka gereji asubuhi limepoa, lingeonekana zima," alisema. "Ugonjwa huu unapimwa ukiwa unauma."

Baba akataka kuondoka hapohapo. Fundi akakataa: sensa inayokufa kwa joto inaweza kuzima gari hata likiwa kwenye mwendo, na Kitonga ni kona na malori. Akaonya pia mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto, maana maji yake huruka na kuunguza.

Walilala nyumba ya wageni. Sensa mpya ilikuja kesho yake kwa basi kutoka Iringa. Ilipofungwa, fundi hakuridhika na kuwaka mara moja. Alimwambia baba aendeshe mpaka injini ipate moto, azime, asubiri robo saa, kisha apige starta tena. Liliwaka. Ndipo watoto wakapanda.